Q bila U: maneno mafupi ya Kiingereza ambayo Waswahili tunayajua tayari

Juzi mpwa wangu alimaliza mchezo wa Scrabble, ule wa kuunda maneno ubaoni kwa kete zenye herufi, na kete moja mkononi: Q. Kete zote nne za U zilikuwa zimeshatoka, naye akaona hana la kufanya. Q peke yake ina pointi 10, na ukibaki nayo unakatwa zote. Nikamwonyesha ubaoni palipokuwa na neno AT, kushoto kwake pako wazi. Angeweka Q pale angepata QAT, pointi 12.

“QAT ndiyo nini, mjomba?”

Ni miraa. Mirungi. Akanitazama kama namtania.

Dhana: Q haisimami bila U

Tumefundishwa hivyo darasani, na kwa maneno kama queen na quick inashika. Lakini hiyo ni desturi ya uandishi tu. Katika Kiingereza cha kale malkia aliandikwa cwen, bila Q. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, makarani waliozoea Kifaransa waliingiza qu yao, na baada ya muda cwen ikawa queen. Neno lililoingia kwa mlango mwingine, mbali na Kifaransa na Kilatini, halidaiwi U yoyote.

(Iraq na Qatar zisikudanganye, lakini. Majina ya nchi hayakubaliki mchezoni.)

Dhana: ni maneno ya kubuni, yamewekwa kwa ajili ya mchezo

Hili linaniuma, kwa sababu mengi tunayatumia kila siku. SUQ ni soko. QADI ni kadhi. TALAQ ni talaka, QIBLA ni kibla, WAQF ni wakfu. Yote yametoka Kiarabu, chenye herufi qaf, sauti inayotokea nyuma kabisa ya kinywa. Waingereza waliiandika qaf kwa Q. Sisi tuliitamka K, tukayapa maneno irabu ya mwisho ili yakae vizuri mdomoni, na Kiswahili sanifu hakina Q wala X. Wazee wetu walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikuwa nayo qaf yao. Kwa hiyo mtoto wa Mombasa au Unguja anayekariri orodha ya maneno haya anakutana na ndugu zake waliovaa nguo nyingine.

Undugu huo una mipaka, na hapa uwe mwangalifu. FAQIR kwa Kiingereza si maskini yeyote kama fakiri wetu. Ni mcha Mungu aliyeacha mali na kuishi kwa sadaka. Tahajia nazo ni nyingi, kwa sababu kila msafiri aliandika alivyosikia: kadhi anakubalika kama QADI, CADI na hata KADI, ambayo kwetu ni ya harusi. Miraa nayo ni QAT, KAT au KHAT. Kwa mchezaji hiyo ni neema, maana huenda huna Q lakini unayo K.

Dhana: QI hutamkwa “kwi”

Hutamkwa “chi”. Ni neno la Kichina, maana yake nguvu ya uhai inayoaminika kuzunguka mwilini. Q hiyo imetoka kwenye pinyin, mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi za Kirumi uliopitishwa China mwaka 1958. Kabla yake Waingereza waliandika CHI, na hiyo pia ni halali hadi leo. Wachezaji wa Marekani waliruhusiwa kutumia QI mwaka 2006.

Dhana: neno refu ndilo lenye pointi

Ukimaliza kete zote saba kwa mpigo, kweli, unaongezewa 50. Lakini tazama QI. Weka Q kwenye kisanduku kinachozidisha herufi mara tatu, isomeke QI kwa mlalo na QI kwa wima. Kila neno lina 31, jumla 62, kwa kete mbili ulizotoa mkononi. Wellington Jighere wa Nigeria alipotwaa ubingwa wa dunia mwaka 2015 huko Perth, Australia, neno lake lililovuma lilikuwa FELTY, la herufi tano tu.

Dhana: usipojua maana huwezi kushinda

Unaweza. Mwaka huohuo wa 2015 Nigel Richards wa New Zealand alishinda mashindano ya dunia ya Kifaransa bila kuongea Kifaransa. Alikariri kamusi kwa wiki chache. Namheshimu, ila sisi wengine hatuna kichwa kile. Mpwa wangu alikuwa amekariri orodha ya Q mara mbili na kuisahau mara mbili. Nilipomwambia SUQ ni soko na QADI ni kadhi, hakuhitaji kurudia tena.

Dhana: Q hizi zote ni za Waarabu na Wachina

Kuna MBAQANGA. Si neno fupi, lina herufi nane, lakini siwezi kuliacha. Ni muziki wa Afrika Kusini, na jina lake ni la Kizulu, lugha ya Kibantu kama yetu. Q yake si K wala “kwi”. Ni kidoko: ulimi unabanwa juu kwenye kaakaa, kisha unaachiwa ghafla hadi usikike mlio kama kizibo kinachong’oka kwenye chupa.