Bakteria wa ukoga na saratani ya utumbo mpana: maswali na majibu

Kuna ujumbe unaosambazwa kwenye simu ukidai kwamba bakteria wa mdomoni, Fusobacterium nucleatum, ndiye anayesababisha saratani ya utumbo mpana.

Huyu Fusobacterium nucleatum ni nani, na mimi ninaye?

Karibu hakika unaye. Asubuhi, kabla hujapiga mswaki, kwangua kwa ukucha nyuma ya meno ya mbele ya chini. Ule uchafu laini wa manjano ndio ukoga, na humo ndimo anamoishi. Ukiunusa, sehemu ya harufu hiyo ni gesi ya salfa anayotoa yeye na wenzake. Ni mwembamba, ana ncha pande zote mbili kama kijiti cha kuchokolea meno, na hapendi oksijeni. Mdomoni anafanya kazi ya udalali: anashikana na bakteria waliotangulia kukaa juu ya jino, kisha anawapokea wanaokuja baadaye, na miongoni mwa hao wageni wamo waharibifu wakubwa wa fizi.

Kama sote tunaye, tatizo liko wapi?

Tatizo linaanza pale anapohama. Fizi iliyovimba na kuvuja damu ni ukuta wenye nyufa, na kutafuna tu au kupiga mswaki kunatosha kumpenyeza kwenye damu. Mara nyingi kinga ya mwili humaliza kazi haraka. Akiponyoka, anaweza kuzua jipu la ini, la mapafu, hata la ubongo. Nduguye, Fusobacterium necrophorum, ana tabia mbaya zaidi: kijana anaumwa koo, siku chache baadaye anapata homa kali na kutetemeka, shingo inavimba upande mmoja kwa sababu damu imeganda kwenye mshipa mkubwa. Daktari Mfaransa André Lemierre alieleza hali hii mwaka 1936, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Dalili hizo hazingoji kesho, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Mimi ni mjamzito na fizi zinatoa damu. Mama yangu anasema ni kawaida ya mimba.

Mama hajakosea, homoni za ujauzito huzifanya fizi zivimbe kwa urahisi. Ila kuwa jambo la kawaida si sababu ya kulipuuza. Mwaka 2010 Yiping Han na wenzake huko Marekani walieleza kisa cha mama aliyejifungua mtoto mfu mimba ikiwa imetimia. Bakteria huyu alipatikana kwenye mapafu na tumbo la mtoto, na walipomfuatilia wakamkuta yule yule kwenye ukoga ulio chini ya fizi za mama. Ni kisa kimoja, na cha nadra, kwa hiyo usikose usingizi. Majaribio makubwa hayakuonyesha kwamba kutibu fizi wakati wa mimba kunapunguza watoto njiti, lakini yalionyesha kwamba matibabu hayo ni salama. Nenda kliniki ya meno, na mwambie daktari kwamba u mjamzito.

Na saratani inaingiaje hapa?

Mwaka 2012 timu mbili, moja ya Marekani na nyingine ya Kanada, zilichapisha jambo lile lile: ndani ya uvimbe wa saratani ya utumbo mpana, vinasaba vya Fusobacterium vilikuwa vingi kuliko kwenye nyama nzima ya jirani yake. Wengi walishangaa, mkazi wa mdomoni anatafuta nini huko chini?

Tangu hapo mengi yamejulikana. Ana protini iitwayo FadA anayoitumia kujibandika kwenye seli za utumbo na kuamsha ndani yake ishara za kukua na kugawanyika. Nyingine, Fap2, hunasa sukari fulani iliyojaa juu ya seli za saratani, na pia huwagandisha askari wa kinga wasiushambulie uvimbe. Mwaka 2017 watafiti walimkuta hadi kwenye saratani iliyosambaa kutoka utumboni kwenda kwenye ini, yaani alisafiri nayo. Na mwaka 2024 timu ya Seattle, Marekani, ilionyesha kwamba si kila Fusobacterium nucleatum ana hatia sawa: kundi dogo moja, waliloliita Fna C2, ndilo linalotawala kwenye uvimbe huo, nalo linastahimili asidi ya tumbo kuliko ndugu zake.

Basi ndiye anayesababisha saratani?

Hapa ndipo ujumbe unaosambazwa kwenye simu unapokosea. Mtu akikutwa ndani ya nyumba iliyovunjwa, huenda ndiye aliyevunja, huenda alikuta mlango wazi akaingia. Uvimbe hauna oksijeni nyingi na una ile sukari anayoipenda, kwa hiyo ni makazi mazuri kwake. Ushahidi wa panya unaonyesha kwamba akishaingia anachochea. Hilo halitoshi kumweka pamoja na Helicobacter pylori wa tumboni, ambaye tangu 1994 ametambuliwa rasmi kuwa chanzo cha saratani.

Ninunue Flagyl nimmalize?

Hapana. Ni kweli dawa hiyo ilipunguza kasi ya ukuaji wa uvimbe kwa panya waliopandikizwa saratani yenye bakteria huyu. Wewe si panya huyo. Utaua bakteria wa utumboni wanaokusaidia, utawafundisha wengine usugu, na yeye atarudi na ukoga mpya.

Nifanye nini basi?

Mswaki mara mbili kwa siku, wa dukani au wa mti, mradi ufike pale jino linapokutana na fizi. Ugaga uliokwisha kuwa mgumu hautoki kwa mswaki, unakwanguliwa na mtaalamu. Tumbaku iache, inaumiza fizi na utumbo pia.

Na ukiona damu kwenye choo kikubwa, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, usijiambie tu kwamba ni bawasiri. Kapime, hata kama meno yako ni meupe kama tui.