Mahakama kutamka kwamba sheria ni batili si lazima kuiue siku hiyohiyo

Tarehe 12 Julai 2024, Mahakama Kuu ya Kenya ilipotamka kwamba sheria tatu za afya za mwaka 2023, ikiwemo ile ya bima ya afya ya jamii, zinakiuka Katiba, jirani yangu aliamini kwamba mambo ya bima mpya ya afya ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) yameishia hapo. Baadaye alipokuta makato ya asilimia 2.75 kwenye karatasi yake ya mshahara, akasema kwa hasira kwamba serikali imeidharau mahakama. Haikuwa hivyo. Majaji walikuwa wamelipatia Bunge siku 120 kurekebisha kasoro, hasa upungufu wa ushirikishwaji wa wananchi, na kabla muda huo haujaisha, tarehe 20 Septemba, Mahakama ya Rufaa ikasitisha utekelezaji wa hukumu hiyo, ndipo SHA ikaanza kazi Oktoba 1. Kusitisha huko, ambako wengine nao walikushangilia kama ushindi wa serikali, hakukuwa uamuzi wa rufaa yenyewe: kulizuia tu hukumu ya Mahakama Kuu isitekelezwe wakati rufaa inasubiri kusikilizwa.