Pakiti kuingia kwenye springi si pakiti kutoka

Anayetaka kutengenezewa mashine ya kuuza bidhaa ndogo kwa sarafu huja na mchoro mzuri: kioo, taa, tundu la sarafu, hata rangi ya mlango ameshachagua. Namuuliza, bidhaa yenyewe iko wapi? "Ah, ni pakiti za kawaida tu." Jibu hilo nimelisikia mpaka masikio yamechoka. Pakiti ya kawaida haipo. Naandika haya ili tukikutana tuanzie mbele kidogo: kauli ninazoletewa, na jibu langu kwa kila moja.

"Mradi pakiti inaingia kwenye springi, itatoka"

Hii ndiyo inayonitoa jasho kuliko zote, kwa sababu inaonekana kweli. Springi, yaani waya uliojipinda pete pete kwenye trei ambao pakiti hupangwa kati ya pete zake, ikizunguka mzunguko mmoja, kila kilichomo kinasogea mbele nafasi moja, na cha mbele kabisa kinaanguka. Kuna gumu gani hapo?

Gumu ni kwamba springi haishiki kitu. Inasukuma tu, na inasukuma upande wa chini wa pakiti, wakati upande wa juu unafanya utakavyo. Pakiti inatakiwa iwe nyembamba kuliko nafasi ya pete na pete kwa milimita chache. Ikibana, waya unaikwaruza, mota inalemewa, na mfuko laini unaweza kupasuka kabla haujafika mbele. Ikilegea, inalala. Pakiti iliyolala huegemea ya mbele yake, na mteja akinunua moja zinadondoka mbili, au haidondoki hata moja kwa kuwa ya nyuma imeikalia. Kwa hiyo huwezi kununua springi za aina moja ukazijaza mashine nzima. Biskuti nyembamba zina springi yake na mfuko uliojaa hewa una yake. Hapo pia hesabu ya mzigo inabadilika: nafasi zikiwa pana, trei ile ile inabeba pakiti chache.

Njoo sasa kwenye mshono. Mifuko mingi ina ukingo bapa juu na chini ulipozibwa kwa joto, na mgongoni una ukanda mwingine unaoning'inia. Ukanda huo hupenda kujiviringisha kwenye waya. Pakiti inafika ukingoni, mwili wote uko hewani, lakini ukanda umenasa, na mnunuzi amesimama anaitazama inavyobembea nyuma ya kioo. Matusi yanayofuata mnayajua. Dawa yake ni ndogo: geuza pakiti mgongo uelekee mahali ambapo waya haupiti wakati wa kuachia, au funga kwenye ncha ya springi kile kipande cha waya uliopindwa kinachoipiga pakiti teke upande wa juu. Lakini huwezi kujua kama unakihitaji bila kushika pakiti halisi iliyojaa. Kuna mtu aliniletea maboksi matupu ya kufanyia majaribio, eti uzito hauna neno. Uzito una neno. Kitu chepesi husubiri kusukumwa hadi mwisho, ila kizito hujitupa chenyewe mara tu katikati yake inapovuka ukingo.

Kisha kuna ncha ya springi: inaposimama inaelekea wapi? Mwelekeo huo ndio unaoamua pakiti inaachiwa mapema au inachelewa. Ukiizungusha springi robo ya mzunguko kwenye kishikio chake cha nyuma, wakati wa kuachia unabadilika. Robo hiyo peke yake imewahi kuokoa mashine ambazo wenyewe walikuwa tayari kuzirudisha kiwandani. Mimi naijaribu kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Boksi pana ni kesi nyingine. Springi moja inavyozunguka hulivuta boksi upande mmoja, linakwenda kishingo upande hadi linakwama ukutani mwa trei. Hapo unaweka springi mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto, zinazozunguka kila moja kinyume cha mwenzake ili zisukume sawa. Na usisahau nafasi kati ya trei na kioo. Pakiti haianguki wima kama ilivyopangwa, hupinduka, kwa hiyo pima mshazari wake, siyo upana. Nafasi hiyo ikiwa ndogo kuliko mshazari, siku moja pakiti itajikita kati ya kioo na trei ya chini na kuziba njia ya kila kinachofuata.

Mwenye viboksi vigumu vinavyolingana pengine hahitaji springi kabisa. Mnara wa viboksi vilivyopangana, na chini yake kisukumio kinachotoa kile cha mwisho, ni rahisi na hudumu, mradi kisukumio kiwe chembamba kidogo kuliko kiboksi kimoja; kikizidi, kinagonga cha pili. Angalia pia unyevu: karatasi ngumu hufura, na kiboksi kilichopita vizuri wakati wa kiangazi hukataa wakati wa mvua. Mifuko yenye hewa nayo hutuna ukiipeleka nyanda za juu, kwa sababu shinikizo la nje limepungua. Ipime pale itakapouzwa.

"Mota ikizunguka, bidhaa imetoka"

Mota ina swichi inayoiambia bodi, ule ubao wa umeme unaoendesha mashine, kwamba mzunguko umekamilika. Basi. Haijui kama kuna kilichoanguka. Weka mstari wa miale ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kwenye njia ya kuangukia. Mstari huo usipokatwa, programu izungushe mota kidogo tena, na ikishindikana irudishe pesa. Mashine isiyo na kihisi hiki mimi siitengenezi, na bei sipunguzi.

"Mashine inatambua sarafu kwa kuipima uzito"

Wazo hili ni la kale. Heron wa Alexandria, karne ya 1 BK, alieleza chombo cha kutoa maji matakatifu: sarafu inaangukia kibao, uzito wake unainamisha mtaimbo, maji yanatoka mpaka sarafu iteleze na kuanguka. Kipande chochote cha metali chenye uzito wa kutosha kingefanya kazi hiyo.

Kikagua sarafu cha leo hupima kipenyo na unene, na huipitisha sarafu kati ya koili, nyaya zilizoviringishwa, zinazosoma metali yake: inapitishaje umeme, inavutwaje na sumaku. Hata kwa vipimo kadhaa, sarafu mbili zinaweza kukaribiana mno. Yeni 500 ya Japani na woni 500 ya Korea Kusini zote zilitoka mwaka 1982, zote za shaba na nikeli, zote kipenyo milimita 26.5. Tofauti ilikuwa uzito, gramu 7.2 za yeni kwa 7.7 za woni, na thamani ya woni ilikuwa sehemu ndogo tu ya yeni. Watu wakaitoboa au kuichonga woni ipungue, mashine zikaipokea. Wengine hawakununua hata kitu: waliingiza woni, wakaomba kurudishiwa, mashine ikawapa yeni halisi kutoka kwenye akiba yake. Mwaka 2000 Japani ikatoa yeni 500 mpya yenye zinki ndani yake. Mbunifu achukue hapo mambo mawili: mtu akighairi, arudishiwe sarafu ile ile aliyoingiza, na kikagua kiwe cha kufundishika upya, maana sarafu hubadilishwa. Uingereza ilipoanza kutoa peni 5 na 10 za chuma kilichopakwa nikeli mwaka 2012, mashine zilibidi zirekebishwe.

Tukiwa hapo hapo, sumaku peke yake haitoshi kukamata washa za chuma, vile vipete bapa vya boliti ambavyo watu huviingiza badala ya sarafu. Nchi nyingi sasa zina sarafu halali za chuma kilichopakwa, na sumaku itazikataa pamoja na washa.

"Chenji tutaifikiria baadaye"

Ifikirie sasa, au weka bei ambayo sarafu moja inailipa. Napendelea la pili. Mirija ya chenji, mota zake na programu ya kuhesabu salio huongeza sehemu za kuharibika kuliko unavyodhani.

"Vizito viwekwe juu, vionekane"

Vizito chini. Chupa ikidondoka toka juu inapata kasi ya kujivunja na kuuvunja mlango wa kuchukulia, na mashine iliyolemewa juu hupinduka mtu akiitikisa. Watu wamekufa hivyo. Ifungwe kwa boliti ukutani au sakafuni, hata kama inaonekana nzito kiasi gani.

"Bodi imeharibika, inatoa bidhaa bure"

Mara nyingi bodi ni nzima. Vikagua vya bei nafuu hutuma mapigo mafupi ya umeme, idadi yake ikionyesha thamani ya sarafu, na mota inapoanza huzalisha kelele ya umeme inayofanana na pigo hilo. Kama nyaya zake zimefungwa fungu moja na za mota, mashine inajilipa yenyewe. Zitenganishe, upe kikagua waya wenye kinga, na programu ipuuze pigo lolote lisilofikia urefu uliowekwa.