Sufuria ya Maharage Inakula Ekari Ngapi?

Ukisimama kando ya tanuri la mkaa alfajiri, kinachokupokea kwanza ni moshi. Mchomaji amelala hapohapo chini ya turubai, kwa sababu tanuri haliachwi peke yake. Magogo yamepangwa yakabanana, yakafunikwa kwa majani mabichi, na juu ya majani umeshindiliwa udongo. Ndani yake moto unatakiwa uunguze bila kuwaka. Tundu likifunguka upande mmoja hewa ikaingia, kuni zote zinageuka majivu na kazi ya wiki mbili imekwenda. Kwa hiyo anazunguka na koleo usiku kucha, anaziba nyufa, anaangalia rangi ya moshi: mweupe na mzito siku za mwanzo maji ya mti yanapotoka, kisha mwembamba wa samawati mkaa unapokaribia kuiva.

Katika kazi yangu ya ugani wa misitu nimekaa na wachomaji wengi wa namna hii. Kila ninapoulizwa maana ya unyayo wa ikolojia, huanzia hapo kwenye tanuri, kwa kuwa hapo hesabu inaonekana kwa macho.

Tanuri la kienyeji hupoteza sehemu kubwa ya mti. Kilo 1 ya mkaa hutokana na kilo 5 hadi 10 za kuni, kutegemea ujuzi wa mchomaji, ukavu wa magogo na hali ya hewa. Tuchukue kilo 7. Familia inayomaliza gunia la kilo 50 kwa mwezi inatumia kuni kilo 350 kila mwezi, yaani zaidi ya tani 4 kwa mwaka. Sasa uliza: msitu wa miombo unahitaji eneo gani ili kukuza tani 4 za mti kila mwaka bila kupungua? Miombo hukua polepole. Tukiukadiria kwa ukarimu, tani 2 kwa hekta kwa mwaka, familia hiyo moja inahitaji hekta 2, takribani ekari 5, zinazofanya kazi mwaka mzima kwa ajili ya jiko lake tu. Ekari hizo hawajawahi kuziona, wala hawana hati yake.

Huo ndio unyayo wa ikolojia: eneo la ardhi na maji linalohitajika kuzalisha tunachotumia na kupokea taka tunazotoa. Wazo hili lilikuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na William Rees na mwanafunzi wake Mathis Wackernagel katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Waligeuza swali la zamani. Wataalamu walizoea kuuliza ardhi hii inaweza kubeba watu wangapi; wao wakauliza mtu huyu amebebwa na ardhi kiasi gani. Ndani ya hesabu yao yamo mashamba, malisho, misitu ya mbao na kuni, maeneo ya uvuvi, ardhi iliyojengwa, na msitu ambao ungehitajika kufyonza hewa ya ukaa inayotokana na mafuta, makaa ya mawe na gesi. Hilo la mwisho peke yake ni zaidi ya nusu ya unyayo wote wa binadamu.

Ukijumlisha yote, binadamu tunatumia kama vile tuna dunia 1.8. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anaijua hali hiyo kwa jina lake: kula mtaji. Tulianza kuula mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kila mwaka hutangazwa siku ambayo binadamu anakuwa amemaliza kile ambacho dunia inaweza kurejesha kwa mwaka mzima, na mwaka 2025 siku hiyo ilikuwa 24 Julai. Kuanzia hapo hadi Desemba ni deni.

Lakini deni hili hatukulikopa kwa usawa, na nisingependa mama lishe wa Mbagala asome makala hii akajiona ndiye mkosaji. Unyayo wa Mtanzania wa kawaida haufiki hata wastani wa dunia, ilhali wa Mmarekani unakaribia mara tatu ya wastani huo. Hata hapa kwetu, nyumba yenye magari mawili na viyoyozi kila chumba haifanani na chumba kimoja cha kupanga. Mwenye kikubwa ndiye mwenye kikubwa cha kupunguza.

Kwetu shida inakuja kwa mlango mwingine. Wakati wa uhuru Tanganyika ilikuwa na watu wapatao milioni 10. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na zaidi ya milioni 5 kati yao wako Dar es Salaam. Ardhi haikuongezeka. Makadirio ya serikali yanaonyesha kwamba kati ya 2002 na 2013 nchi ilipoteza takribani hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Kilimo cha kuhamahama kina sehemu kubwa sana katika hilo, na mara nyingi kilimo na mkaa hufuatana: anayefyeka shamba huchoma magogo kwanza, apate hela ya mbegu.

Jambo moja katika hesabu hii watu wengi hulikosa. Unyayo huandikwa kwa jina la anayekitumia kitu, si la aliyekikata. Watafiti waliopima misitu kuzunguka Dar es Salaam walikuta kwamba mwaka 1991 uchomaji mkaa ulitawala hadi kama kilomita 20 kutoka jijini, na kufikia 2005 ulikuwa umesogea hadi kama kilomita 50. Leo magunia yanatoka mbali zaidi, Kilwa, Handeni, Kilosa. Jiko liko Tandale, Dar es Salaam, lakini msitu unaolilisha uko Kilosa. Ndiyo maana kumkamata mchomaji na kumwachia mlaji hakujawahi kutosha. Mwaka 2006 mkaa ulipigwa marufuku nchini, na marufuku hiyo haikudumu, maana sufuria za jiji zilikuwa bado zinahitaji moto.

Basi tuanzie kwenye sufuria. Maharage makavu ndiyo mlafi mkubwa wa mkaa katika nyumba nyingi. Yaloweke tangu usiku, mwaga maji yale, yapike na mfuniko. Muda wa jikoni unapungua sana. Jiko banifu lenye kauri ndani linatunza joto kuliko jiko la bati tupu. Chakula kikiiva, zima mkaa uliobaki kwa majivu, uutumie kesho.

Anayeweza kuuhama mkaa, ahame kabisa, aende kwenye umeme au gesi. Sufuria ya presha ya umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti 1, na uniti kwa wateja wengi wa majumbani ni karibu shilingi 350. Linganisha na kopo la mkaa mtaani kwako, ukikumbuka kwamba maharage hayatosheki na kopo moja. Huwa naulizwa kama gesi nayo si uchafuzi. Ni kweli inatoa hewa ya ukaa. Ila jiko la gesi hupeleka zaidi ya nusu ya nishati kwenye sufuria, wakati mkaa umeshapoteza sehemu kubwa kwenye tanuri kabla haujapanda lori. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kikwazo ninachokiona mitaani ni mtungi wa kwanza: mama ananunua mkaa wa buku leo na wa buku kesho, hana elfu hamsini kwa mkupuo. Gesi inayouzwa kwa kipimo kidogo kidogo, kama mkaa unavyouzwa, ndiyo itakayofika kwake.

Na kwa miaka ambayo mkaa bado utatumika, Kilosa kumejaribiwa jambo zuri tangu 2012. Kijiji hutenga sehemu ndogo ya msitu wake na kuigawa vitalu vya mita 50 kwa 50, kama ubao wa drafti. Kinakatwa kimoja, cha jirani kinaachwa, na kilichokatwa kinapumzishwa miaka 24. Ushuru hubaki kijijini, na umejenga madarasa na zahanati. Visiki having'olewi, kwa kuwa miombo huchipua kutoka kwenye kisiki na mizizi, haihitaji kupandwa. Katika kitalu kimoja nilikuta kisiki chenye machipukizi saba, yote marefu kuliko mimi. Mzee aliyenisindikiza alichuchumaa, akayashika moja moja kama anayechagua miwa, akakata matano kwa panga na kubakiza mawili yaliyonyooka.