Kinyonga mbilikimo, mkazi wa mlima mmoja

Swali tunaloulizwa zaidi hapa Nairobi kuhusu kinyonga ni kama ana sumu. Hana, hata yule wa pembe tatu anayekushtua ukipogoa ua wa kayaba. Lakini leo namzungumzia ndugu yake ambaye hutamkuta kwenye ua wako: kinyonga mbilikimo wa jenasi ya Rhampholeon.

Mkia wake ni mfupi, rangi yake ya kahawia, na ubavuni ana mistari kama mishipa ya jani kavu. Mchana huwinda wadudu sakafuni mwa msitu, kwenye majani yaliyodondoka. Jioni hupanda kijiti cha chini akalala. Watafiti humtafuta usiku kwa tochi, kwa sababu akilala rangi hufifia na mwanga humfichua. Ukimshika hutetema, utadhani simu iliyozimwa sauti.

Anaishi kwa kivuli na unyevu. Shamba la mahindi kati ya misitu miwili, ambalo sisi tunalikatiza tukipiga soga, yeye halivuki. Ndiyo maana karibu kila mlima una wa kwake. Mwaka 2022 zilitangazwa spishi sita mpya kutoka Milima ya Tao la Mashariki nchini Tanzania, safu ambayo ncha yake ya kaskazini ni Taita yetu. Mmoja aliitwa Rhampholeon rubeho, kwa jina la milima ya Rubeho.

Ukoo wa namna hiyo ukikatiwa msitu hauna pa kukimbilia. Kusini mwa Malawi, Rhampholeon chapmanorum, asiyezidi sentimita 5.5, alitambuliwa kisayansi mwaka 1992. Tangu katikati ya miaka ya 1980 msitu wake umepungua kwa takriban asilimia 80, mwingi ukigeuzwa mashamba. Ilihofiwa ametoweka, hadi alipoonekana tena mwaka 2016 katika vipande vilivyobaki. Kwa bahati, mwaka 1998 kuna waliowahi kuhamishia vinyonga 37 katika msitu wa Mikundi, kaskazini zaidi, na mwaka 2012 bado walikuwapo. Mimi hilo naliona bima tu. Msitu wa asili ukiisha, bima haiurudishi.

Biashara ya kimataifa ya vinyonga hawa inahitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ukimwona jamaa yao Kakamega, mpige picha ubavuni, andika mahali na tarehe, umwache hapohapo.