Je, Wajua Roboti Hutambuaje Kwamba Umekasirika?

Roboti haijui kwamba umekasirika. Inachojua ni kwamba nyusi zako zimeshuka na kukaribiana, midomo imebanwa, na sauti imepanda na kwenda mbio. Baada ya hapo inabahatisha. Ubahatishaji huo una hesabu nzuri nyuma yake, na mara nyingi hupata. Lakini iweke mashine hiyo kwenye kaunta ya duka mjini Kisumu, na yapo makosa unayoweza kuyataja hata kabla hujaiwasha.

Tuchukue Pepper, ambayo ndiyo roboti ya aina hii iliyosambaa sana. Ilitangazwa Juni 2014 na kampuni ya SoftBank ya Japani, ikiwa imeundwa na mafundi wa Aldebaran ya Ufaransa. Ina kimo cha sentimita 120 hivi, uzito wa kilo 28, inatembea kwa magurudumu na kifuani imebeba kishikwambi. Kichwani kuna maikrofoni 4, kamera 2 za kawaida (moja kwenye paji la uso, nyingine mdomoni) na kihisi cha kupima umbali nyuma ya macho. Zilitengenezwa takriban 27,000 kabla uzalishaji haujasimamishwa mwaka 2020. Uso wake ni plastiki ngumu, hivyo roboti inayosoma tabasamu lako yenyewe haina uwezo wa kutabasamu.

Kazi huanza kwenye picha. Programu hutafuta uso kwanza, kisha huweka alama juu yake. Mpangilio unaotumika sana una nukta 68, kuanzia taya hadi nyusi, macho, pua na kingo za midomo. Uso ulioinama hunyooshwa, hukatwa na kupunguzwa kuwa kipande kidogo, mara nyingi pikseli 48 kwa 48. Kipande hicho ndicho kinachopewa mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano mingi, nao hutoa orodha ya namba zinazojumlika kuwa 1: tuseme utulivu 0.48, huzuni 0.31, hasira 0.12, na mabaki kwa hisia nyingine. Hakuna namba inayosema "sijui". Ukipiga miayo, miayo hiyo itagawanywa kwa nguvu kati ya mshangao, hofu na furaha.

Hesabu ya umbali watu huisahau. Kamera yenye upana wa pikseli 640 na pembe ya kuona ya digrii 57 huona eneo la mita 1.1 hivi mtu akisimama mita moja mbele yake. Uso wa sentimita 15 hapo hupata pikseli 88. Arudi nyuma hadi mita 3, zinabaki 29 tu, na kuzivuta ziwe 48 ni kukuza ukungu. Kwa hiyo mstari wa kusimama uchorwe sakafuni kati ya mita 1 na mita 1.5, la sivyo roboti itakuwa inasoma hisia za watu waliopanga foleni kwa macho ya mgonjwa wa mtoto wa jicho.

Mijongeo ya uso ilipewa namba na wanasaikolojia wa Marekani, Paul Ekman na Wallace Friesen, waliochapisha mwaka 1978 mfumo wa kuhesabu mijongeo ya uso. Namba 4 ni nyusi kushuka, namba 6 mashavu kupanda na kubana macho, namba 12 pembe za mdomo kuvutwa juu. Kicheko cha dhati kwa kawaida huwa na 6 na 12 pamoja. Cha kupigia picha huwa na 12 peke yake. Sasa fikiria mteja anayetoka kwenye jua la saa saba mchana kule Barabara ya Oginga Odinga na kuingia dukani. Jua limemfanya akunje ndita na kubana macho: namba 4 na namba 6, bila 12. Roboti iliyo hatua mbili kutoka mlangoni itamwandikia hasira, naye amekuja tu kununua chaja.

Mlango huohuo una shida nyingine. Kamera hupima mwanga wa picha nzima, na mwanga mkali ukiwa nyuma ya mtu, uso wake hugeuka kivuli. Ngozi nyeusi huumia zaidi, na programu zenyewe zimeshaonyesha upofu wake: mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kukisia jinsia ya mtu kwa picha, wakakuta makosa yakifika asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, huku kwa wanaume weupe yakiwa hayazidi asilimia 0.8. Hiyo ilikuwa jinsia, jambo rahisi kuliko hisia. Dawa ya duka ni roboti kuupa mlango mgongo ili mwanga uangukie uso wa mteja, na kuiagiza kamera ipime mwanga wa uso badala ya chumba. Taa moja iliyo juu kabisa ya kichwa usiiweke. Hutia vivuli chini ya nyusi, navyo husomwa kama ndita.

Je, mtandao wa neva ulijifunza wapi? Mkusanyiko mmoja uliotumiwa na wanafunzi wengi duniani, FER2013, una picha 35,887. Zilitafutwa intaneti kwa maneno ya hisia, kisha zikapangwa katika makundi 7. Furaha ina picha karibu 9,000. Kinyaa kina 547. Haishangazi basi kwamba mashine nyingi hujua kicheko na kushindwa na kinyaa. Binadamu waliojaribiwa kwa picha hizohizo walipata asilimia 65 hivi, jambo linalotosha kukuonyesha majibu "sahihi" yenyewe ni sahihi kiasi gani. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 na mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett na wenzake uliongeza kwamba watu wazima wenye hasira hukunja uso takriban asilimia 30 tu ya wakati. Nyakati nyingine hununa kimya, hucheka, hulia au hawafanyi lolote.

Sautini ndiko mambo yanakolea. Programu hukata sauti ya maikrofoni vipande vya milisekunde 25, kila kimoja kikianza milisekunde 10 baada ya kilichotangulia. Katika kila kipande programu hupima ukubwa wa sauti, wembamba wake na jinsi nguvu ilivyogawanyika kati ya mitetemo mizito na miepesi. Sauti ikipanda, ikakua na kwenda kasi, hukumu huwa ni hasira au furaha kuu. Ikishuka na kujikokota, ni huzuni. Mikusanyiko maarufu ya kufundishia ilirekodiwa studioni na waigizaji waliosoma sentensi za Kiingereza au Kijerumani.

Mlete sasa mzaliwa wa Kisumu. Dholuo, lugha ya Waluo wa huko, ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno, sawa na herufi zake. Kibukusu na Kinandi vivyo hivyo. Kiswahili hakina toni ya namna hiyo, lakini mtu hubeba mkondo wa lugha ya mama hadi kwenye Kiswahili chake, na mashine inayodhani kila mpando wa sauti ni hisia itaona msisimko mahali ambapo pana sarufi. Mchuuzi wa Kibuye akiita wateja hana hasira. Anashindana na kelele za soko. Mwombolezaji anayekimbia akipaza sauti na kupunga tawi kwenye tero buru, desturi ya Waluo ya kufukuza mauti, angepewa hasira kwa vipimo vyote vitatu.

Kuna na kusonya. Ndiyo ishara ya dharau iliyo wazi kuliko zote hapa kwetu, na mara nyingi roboti haiisikii. Msonyo ni hewa inayovutwa kati ya meno na ulimi, bila mtetemo wa koo. Programu mara nyingi hutafuta kwanza mtetemo huo ili kutenga maneno na kelele, kwa hiyo msonyo hutupwa pamoja na mlio wa feni. Mteja amekutukana, mashine imeandika "utulivu". Mvua ya alasiri ikigonga mabati nayo hufunika kila kitu. Saa hiyo ni heri kuzima kipimo cha sauti na kubaki na kamera.

Kujibu ni upande wa pili, na hapa muda ndio kila kitu. Katika mazungumzo ya kawaida mtu hupokea neno baada ya milisekunde 200 hivi. Roboti inayotuma sauti kwenye mashine za mbali kupitia intaneti hutumia sekunde nzima au zaidi, na pole inayochelewa husikika kama dhihaka. Mafundi huficha pengo hilo kwa kuifanya iinamishe kichwa na kubadili rangi ya taa za macho papo hapo, huku jibu likitafutwa. Hukumu yenyewe isitolewe kwa fremu moja: chukua wastani wa sekunde 1 hadi 2, na roboti isibadili tabia mpaka hisia moja ivuke 0.6. Kizingiti kikiwa chini ya hapo, itakuwa inakupongeza na kukupa pole katika sentensi moja. Mikono nayo isiinuliwe muda mrefu, maana mota za bega hupata moto zikishikilia uzito, nayo roboti hulegea katikati ya salamu.

Sheria zimeanza kuibana teknolojia hii. Microsoft ilitangaza Juni 2022 kwamba inaondoa huduma yake ya kukisia hisia kwa uso. Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2, 2025, umepiga marufuku kukisia hisia za wafanyakazi kazini na wanafunzi shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Kwetu Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka data ya kibayometriki (vipimo vya mwili vya kumtambulisha mtu) katika kundi la data nyeti, kwa hiyo duka lenye kamera ya kusoma nyuso lisikae bila ilani mlangoni na njia ya mteja kukataa.

Anayetaka kuifanya ifae Kisumu hana haja ya kununua roboti mpya. Aondoe majina ya hisia kwenye majibu, na mashine iulize badala ya kutangaza. "Naona una hasira" humkasirisha hata aliyekuwa ametulia. "Nirudie polepole, mama, au nikuitie mhudumu?" pamoja na vitufe viwili vikubwa kwenye kishikwambi, kwa Kiswahili na Dholuo, humpa mteja nafasi ya kujisemea. Kila kitufe kinachobonyezwa kihifadhiwe pamoja na namba zile za uso na sauti, bila picha. Baada ya wiki chache fundi atakuwa na majibu ya watu wa hapahapa ya kulinganisha na ubahatishaji wa mashine, na ataona mwenyewe ni "hasira" ngapi zilikuwa jua.