Je, wajua kwa nini sauti hupasuka ukipanda juu?

Ni Jumapili, kwaya imesimama, na waimbaji wa sauti ya tatu, wanaume wa sauti ya juu, wanajua kabisa kinachokuja. Wimbo unapanda, neno "Bwana" limewekwa kwenye noti ya juu kuliko zote, na ile "a" ya mwisho inatakiwa ivutwe mapigo manne. Pigo la kwanza linapita salama. La pili, sauti ya mmoja wao inapasuka, inarukia juu ikiwa nyembamba kama ya jogoo anayejifunza kuwika, kisha inarudi chini kwa aibu. Wa sauti ya nne wanatazamana. Baada ya ibada mhusika atailaumu chai ya maziwa, vumbi la barabarani au baridi ya asubuhi. Chai anaionea bure.

Kilichopasuka ni mapatano ya misuli miwili. Ndani ya zoloto, kile kifundo kinachopanda na kushuka ukimeza mate, kuna nyuzi mbili za sauti. Ni vitu vidogo: kwa mwanamume mzima urefu wake ni kama sentimita 2, na kwa mwanamke ni mfupi zaidi. Pumzi ikipita katikati yake, hufunguka na kufungana kwa kasi. Ukiimba do ya katikati ya kinanda, zinakutana mara 262 hivi kila sekunde.

Sasa chukua ukanda wa mpira wa tyubu, ule wa kutengenezea manati. Ukiwa umelegea ni mnene. Ukiuvuta unakuwa mrefu na mwembamba, na ukiupiga kwa kidole unalia juu zaidi. Nyuzi za sauti ziko hivyo hivyo, ila zenyewe zina msuli ndani yake. Msuli huo ukikaza, uzi unakuwa mfupi na mnene, na nyuzi zinagongana kwa upana wake wote. Hiyo ndiyo sauti ya kifua, ile nzito tunayoitumia kuongea. Msuli wa pili uko nje, mbele ya zoloto, na kazi yake ni kuvuta uzi urefuke. Huo ukitawala peke yake, nyuzi zinabaki nyembamba, zinagusana kingo tu, mara nyingi bila hata kufungana sawasawa, na pumzi inavuja. Hiyo ni falseto.

Kila unapopanda noti, wa nje anavuta na wa ndani anang'ang'ania. Mwanamume wa kawaida anafika kati ya re na fa iliyo juu ya do ya katikati, na hapo wa ndani, aliyekuwa amekaza kwa nguvu zake zote, anaachia kwa mkupuo. Hakuna ngazi ya katikati. Uzi mnene unageuka mwembamba papo hapo, na sikio linausikia mruko huo. Wanawake nao wana mpaka wao karibu na eneo hilo hilo, ila kwao sauti za pande mbili hazipishani sana kwa rangi, kwa hiyo mruko hausikiki vibaya kama kwa wanaume.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui, na ndilo lenye ufunguo: mpaka huo hauko mahali pamoja. Ukipanda kwa sauti ya kifua, utapasuka juu. Ukishuka kwa falseto, utarudi kwenye kifua chini zaidi ya pale ulipopasukia. Maana yake kuna noti kadhaa ambazo koo lako linaweza kuziimba kwa njia zote mbili. Kazi yote ya kulainisha mpaka inafanyika kwenye noti hizo.

Walimu wa Italia walilijua hili kwa masikio tu. Mwaka 1723 Pier Francesco Tosi, mwimbaji na mwalimu, alichapisha kitabu mjini Bologna akisisitiza kwamba sauti ya kifua na ya kichwa, ile nyembamba ya juu, lazima ziunganishwe, la sivyo uzuri wa uimbaji unapotea. Hakuna aliyekuwa ameona kinachotokea kooni mwa mtu anayeimba. Aliyekuja kuona vizuri ni Manuel García, Mhispania mwalimu wa uimbaji. Mwaka 1854 akiwa Paris alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakiingiza nyuma ya koo lake mwenyewe, akatumia kioo cha pili kurushia mwanga wa jua, na akaziona nyuzi zake zikifanya kazi. Mwaka uliofuata ripoti yake ilisomwa London, na madaktari wa koo wakapata kifaa cha kazi kutoka kwa mwalimu wa muziki. García alifariki mwaka 1906 akiwa na miaka 101, kwa hiyo kioo hakikumdhuru.

Lakini si kila mtu anataka mpaka huu ulainishwe. Wambuti wa msitu wa Ituri, huko Kongo, wanaurukaruka makusudi, kifua na falseto, huku na huku, na uzuri uko kwenye ule mkato wenyewe. Wafugaji wa milima ya Alpi nao hivyo hivyo. Mwimbaji Mmarekani Jimmie Rodgers alijipatia umaarufu kwa mtindo huo miaka ya mwisho ya 1920, na santuri zake zikafika hadi Bonde la Ufa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipita Kapkatet, Kenya, na kinasa sauti chake, akarekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimba "Chemirocha", nusu mtu nusu paa. Chemirocha ni Jimmie Rodgers. Mwenyewe alishakufa miaka 17 kabla.

Turudi kwa mwimbaji wetu wa sauti ya tatu. Akiona noti ya juu inakuja anafanya kosa la kawaida kabisa: anajaza kifua pumzi na kusukuma. Pumzi nyingi inamlazimisha msuli wa ndani ukaze zaidi ili nyuzi zisipeperushwe, na ukikaza zaidi utaachia kwa kishindo zaidi. Kwa maoni yangu, nusu ya sauti zinazopasuka kanisani zinatokana na kuogopa kupasuka.

Dawa ni kushukia mpaka kutoka juu. Anza kwa falseto, kwa sauti ndogo, kwa "uuu" kama ya king'ora kilicho mbali, kisha teremka polepole bila kukatisha. Sauti itataka kudondokea kwenye kifua, chelewesha. Ukifanya hivyo kila siku, wepesi wa falseto unashuka kidogo kidogo kwenye noti ambazo zamani ulizibeba kwa mabavu, na msuli wa ndani unajifunza kuachia nusu, kisha robo, badala ya kuachia wote. Ukishazoea, simama kwenye noti moja ya eneo lile la utata, ianze kwa falseto, ivimbishe hadi iwe nzito, halafu ipunguze tena. Hili ni zoezi gumu mno. Usilianze wiki ya kwanza.

Kuna pia mrija. Imba ndani ya mrija uliotumbukizwa kwenye glasi ya maji, kina cha vidole viwili, ukipanda na kushuka huku maji yakitokota. Inachekesha, lakini sababu yake ni ya kweli: njia ikizibwa kiasi mbele, msukumo wa hewa unarudi nyuma na kuzisaidia nyuzi zitetemeke bila kugongana kwa ukali. Mwanasayansi wa sauti Ingo Titze wa Marekani ameutangaza sana mrija huu. Ukikosa mrija, tetemesha midomo kama mtoto anayeigiza lori. Kazi ni ile ile.

Halafu kuna ile "a" ya "Bwana". Kila noti unayoimba inabeba ndani yake sauti nyingine za juu, ya kwanza ikiwa na kasi mara mbili ya noti yenyewe. Kinywa nacho ni kama chumba: kwa kila irabu kinakuza sauti za kasi fulani. Kwa "a" ni karibu mitetemo 700 kwa sekunde. Kwa "u" ni karibu 300. Fa ya mpakani ina kasi ya 349, na mara mbili yake ni 698. Yaani mwanamume anayeimba "a" anapata msaada mkubwa wa kinywa hadi hapo hapo, na akipita tu, msaada unakwisha. Mwili unaukimbilia: kinywa kinapanuka, zoloto linapanda, wimbo unageuka ukelele. Kwa "u" msaada wa namna hiyo ulikwisha noti nyingi nyuma, kwa hiyo sauti inavuka bila cha kung'ang'ania. Ndiyo maana "Yesu" hupita pale "Bwana" linapokwama.

Kwa hiyo, ukikaribia mpaka, ipindishe "a" kidogo ielekee "o". Kwako itasikika kama "Bwano" na utahisi unaharibu lugha. Aliyekaa benchi la tatu atasikia "Bwana".

Tarajia miezi, na tarajia kwamba katikati ya safari noti zile zitakuwa nyembamba kuliko zamani, kwa sababu umeziondolea mabavu kabla hazijapata nguvu mpya. Kipindi hicho ziimbe kwa sauti ndogo na umwachie jirani yako abebe. Koo likiuma, simamisha zoezi. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Atakuangalia kwa kamera nyembamba, mjukuu wa kile kioo cha García.